Viti Viwili vya Mbele

Lyle Vondracek hakuwa bahili. Watu wa Cedar Rapids waliomsema hivyo walikuwa wakimwonea bure. Bahili hamwachii bakshishi nono mhudumu aliyemmwagia kahawa mapajani, na Lyle aliacha, tena huku anamwomba radhi yeye. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine: hakuweza kuvumilia kuona pointi, zile ambazo benki humzawadia mwenye kadi na ambazo huweza kununua tiketi ya ndege, zikitumika vibaya. Umwambie kwamba pointi zako za benki umezibadilisha kwa mashine ya kukaangia viazi, basi alikutazama kama mtu aliyesikia umeuza figo.

Mchezo huu aliuanza alipostaafu kiwandani, na hakuna aliyemlazimisha. Kadi ya kwanza ya mkopo ilimpa pointi elfu sitini kwa sababu tu alitumia dola elfu nne ndani ya miezi mitatu, fedha ambazo angezitumia hata hivyo, kwa bima na matairi. Elfu sitini za bure! Akachukua kadi ya pili, ya tatu, ya sita. Benki zilipoanza kumkatalia, akamwingiza mkewe Marlys. Mchezo huu una desturi zake, na moja ni kwamba mke au mume huitwa mchezaji wa pili, apende asipende.

Ndiyo maana pochi ya Marlys ilikuwa na kadi saba, kila moja imebandikwa kipande cha utepe chenye mwandiko wa Lyle: MBOGA, PETROLI, MKAHAWA, DAWA na kadhalika. Kwenye foleni ya dukani alisimama akizipangua huku walio nyuma yake wakikohoa. Akikosea, jioni Lyle alijua, maana simu yake ilimwambia. Hakugomba. Alishusha pumzi tu, na pumzi ile ilimchosha Marlys kuliko kelele zote za jikoni shuleni alikopika miaka ishirini na sita.

Yote hayo angeyavumilia kama si Kaho. Kaho alikuwa mjukuu wao wa pekee, mtoto wa Tessa, binti yao aliyekwenda kufundisha Japani, akaolewa na Shunsuke, akahamia Chiba moja kwa moja. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na miezi minane, na bibi yake alikuwa hajawahi kumgusa. Tessa hakuweza kuja kwa sababu masikio ya mtoto yalikuwa mabovu na daktari alimkataza kupanda ndege. Kwa hiyo wa kwenda walikuwa wao, na wao walikuwa wakimsubiri Lyle.

Lyle naye alikuwa akisubiri viti. Si viti vya hivi hivi. Alitaka viwili, daraja la kwanza, Chicago hadi Tokyo, siku moja, vile vinavyokunjuka vikawa kitanda, kwa pointi. Mashirika ya ndege huvitoa viti hivyo kwa kubania, na Lyle kila alipokaribia idadi iliyotakiwa, shirika lilipandisha bei. Mwaka wa kwanza alipungukiwa pointi kidogo. Wa pili, kidogo zaidi. Wa tatu viliuzwa akiwa kwa daktari wa meno. Asubuhi hadi jioni alikuwa anainuka, anakaa, anashuka chumba cha chini kwenye kompyuta, anapanda tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Tukienda, tutakwenda kama watu," alikuwa akisema.

"Mimi sasa hivi siyo mtu?" Marlys alimuuliza siku moja, na Lyle akacheka, akidhani ni mzaha.

Mwezi Machi, Jumanne, wakiwa wanakunywa kahawa ya asubuhi, Marlys aliweka kikombe chini.

"Lyle, mimi mwezi wa nne nakwenda. Viti vyako viwepo, visiwepo. Nimeshamwambia Tessa."

"Mama Tessa, subiri basi..."

"Nimesubiri mpaka mtoto ameota meno yote."

Lyle alishuka ngazi mbili mbili. Na, amini usiamini, vilikuwepo. Aprili tisa, viti viwili, daraja la kwanza, laki moja na elfu sabini kila kimoja. Alimwita Marlys kwa sauti iliyomtisha mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo Lyle aliwafundisha wenzake kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, mpaka wakamwita Mwalimu. Pointi ukishazitoa benki ukazipeleka kwa shirika la ndege, hazirudi. Na kwenye mtandao kuna viti hewa, vinavyoonekana na havipo, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara. Kwa hiyo kwanza piga simu, mtu mwenye mdomo akuhakikishie, ndipo uhamishe. Aliwakaririsha hilo kama watoto wa madrasa.

Lakini Marlys alikuwa amesimama nyuma yake na birika la kahawa mkononi, na Lyle alitaka ashuhudie. Baada ya miaka yote ile ya kushusha pumzi, alitaka mkewe aone kwa macho yake. Hakupiga simu. Akabonyeza. Pointi laki tatu na elfu arobaini zikaondoka benki, zikafika kwa shirika la ndege, na viti vikatoweka.

Alipiga simu sasa, kwa kuchelewa. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mpole.

"Bwana Vondracek, viti hivyo vilichukuliwa tangu juzi. Mtandao wetu huwa unachelewa kujisafisha."

"Nirudishieni pointi zangu benki, basi."

"Hilo haliwezekani, bwana. Ila unaweza kuzitumia kwetu kwa kiti kingine chochote."

Lyle alitazama kioo cha kompyuta, hakuthubutu kutazama nyuma. Alimsikia Marlys akipanda ngazi taratibu, goti lake la kushoto likimsumbua, akalisikia birika likiwekwa jikoni. Alipomfuata alimkuta mezani na simu na kadi ya zamani ya chama cha akiba cha wafanyakazi wa shule, isiyo na utepe.

"Unafanya nini?"

"Nimeshafanya. Aprili tisa. Nyuma, dirishani."

"Umenunua? Kwa pesa?"

"Dola elfu moja mia nne na sitini."

"Kwa kadi ipi?"

Nawaapia, ndivyo alivyouliza. Marlys aliiinua ile kadi ya shule.

"Kwa hii. Haitoi pointi hata moja."

"Sasa si ungechukua ile ya bluu, ungepata mara tano ya..." Hapo Lyle alijisikia mwenyewe. Aliuliza polepole, "Umekata tiketi ngapi?"

"Moja. Wewe subiri viti vyako."

Wiki zilizofuata nyumba ile haikukalika. Marlys alipanga sanduku, akalipangua, akalipanga tena, akiimba. Lyle alisafisha gereji iliyokuwa safi. Kila baada ya nusu saa aliingia mtandaoni kutazama ndege ya Aprili tisa. Mbele hakuna kitu. Nyuma kulikuwa na nafasi, lakini shirika lilikuwa linataka pointi laki moja na elfu tisini na tano kwa kiti kimoja cha nyuma. Bei ya wazimu. Ingetosha kukupeleka mbele na kubaki na chenji, kama ungekuwa mvumilivu.

Jumamosi ya kwanza ya Aprili alikwenda maktaba kama kawaida. Walikuwa kumi na mmoja, na madaftari na donati. Lyle alijifanya anauliza kwa niaba ya mtu.

"Kuna jamaa anafikiria kutoa laki moja na tisini na tano. Tokyo. Kiti cha nyuma, cha katikati."

Chumba kiliangua kicheko. Duane Hruska, fundi bomba aliyekwenda Paris mara mbili bila kutoa senti, alipiga meza.

"Mwalimu, mwambie huyo jamaa atuletee sisi tumtunzie! Huyo hastahili hata kadi ya maktaba!"

"Labda anafuata mwanamke," mwingine akadakia.

"Basi awe malkia!"

Lyle alicheka pamoja nao, tena kwa nguvu kuliko wote. Kisha akaenda kwenye gari, akafunga mlango, akakaa bila kuwasha injini. Aliona aibu. Hakuona aibu kwa kuwadanganya, aliona aibu kwa sababu mwaka jana naye angepiga meza vilevile, hata kama jamaa yule angekuwa amekaa palepale.

Siku moja kabla ya safari, saa sita mchana, Marlys akiwa saluni, alikinunua kile kiti cha katikati. Alitazama mlangoni kana kwamba anaiba. Mtandao ukamuuliza kama ana uhakika. Hakuwa na uhakika, alibonyeza tu. Akafungasha begi dogo, akalificha chini ya blanketi ndani ya buti la gari. Hakumwambia. Aliiona picha tayari: mkewe ameshika mdomo kwa furaha, machozi kidogo, labda kumkumbatia mbele ya watu. Usiku ule alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Asubuhi uwanja wa ndege wa Cedar Rapids ulikuwa na upepo wa kukata masikio.

"Nishushe tu mlangoni," Marlys alisema.

"Naegesha."

"Ya nini? Utalipia bure."

Lyle aliegesha. Akafungua buti, akatoa sanduku la mkewe, halafu blanketi, halafu begi lake. Marlys aliliangalia begi, akamwangalia yeye.

"Nimekata," Lyle alisema. "Ndege yako hiyo hiyo. Nyuma, katikati, jirani na choo. Usiniulize nimetoa ngapi. Wakijua kina Duane watanifukuza chamani."

Alikuwa anatabasamu. Marlys hakutabasamu. Alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Nilikuwa nafurahi," alisema.

"Basi, si ndiyo..."

"Hapana, nisikilize. Nilikuwa nafurahi kwenda peke yangu. Hizi siku zote. Nilikuwa nafikiri, nitafika mimi kwanza, mtoto atanijua mimi, hakuna mtu wa kuniambia hapa tutoe kadi ipi. Miaka minne umenikalisha, Lyle. Sasa kwa kuwa umetoa pointi zako, nikushukuru?"

Lyle alitafuta la kusema na yaliyomjia yote yalikuwa ya bei.

"Nirudi nyumbani?" aliuliza mwishowe.

"Tiketi yako inarudishwa?"

"Hairudishwi."

"Basi twende, usije ukafa kwa uchungu wa pointi," alisema Marlys, akalivuta sanduku lake mwenyewe.

Kule Chicago, wakisubiri ndege ya Tokyo, walikaa viti viwili vilivyoachana. Lilipoitwa kundi la kwanza la kupanda, Lyle akainuka, kwa sababu kadi yake ilimruhusu na miguu yake haikujua adabu nyingine. Aliingia kabla ya wote kwenye ndege tupu, akaenda hadi mwisho kabisa, akajibana katikati, akabaki akitazama watu mia tatu wakija mmoja mmoja. Marlys alikuja karibu wa mwisho. Alikaa safu tatu mbele yake, dirishani, bila kugeuka.

Safari ya saa kumi na tatu. Kijana wa kushoto alilala begani mwake, mama wa kulia alikuwa akienda chooni kila saa. Hakukuwa na pa kunyoosha mguu, achilia mbali roho. Alikiona kisogo cha mkewe, nywele zilizotengenezwa jana, na mara moja tu, walipokuwa juu ya bahari, alimwona akitazama picha ya mtoto kwenye simu, akiikuza kwa vidole viwili, mguu, mkono, sikio. Lyle alijua kwa uhakika kabisa, kama anavyojua bei, kwamba kiti kile cha dola elfu moja mia nne na sitini kilikuwepo mwaka jana pia, na mwaka juzi, na ule mwaka mwingine, kila siku ya Mungu, na hakuna aliyekuwa amekichukua.

Walipotua, mazoea yakamrudia. Alipita watu pembeni, akawahi foleni ya pasi, akawahi mabegi, akayapata yote mawili, akatoka mbio kuelekea milango ya mwisho. Ilikuwa ya kioo cha ukungu, inafunguka ukiikaribia. Ikafunguka kwa ajili ya mtu wa mbele yake, na Lyle akawaona: Tessa amevaa koti la njano, Shunsuke, na juu ya mabega ya Shunsuke mtoto mwenye nywele zilizosimama, ameshika karatasi iliyochorwa kitu kama jua. Hatua sita tu. Milango ikajifunga.

Lyle alisogea pembeni, kwenye rundo la vitoroli. Watu wakampita. Familia, wanafunzi, mama yule wa chooni. Miguu ilimwasha. Alibadilisha uzito kulia, kushoto, kulia. Marlys alitokea akichechemea, goti limevimba kwa kukaa.

"Mbona umesimama hapa? Hawapo?"

"Wapo."

"Sasa?"

"Tangulia," alisema Lyle.

Marlys alimkazia macho, akitafuta ujanja ulipo. Hakuuona. Aliweka nywele sawa, akavuta pumzi, akaenda.

Milango ikafunguka na kujifunga, ikafunguka na kujifunga, na kila mara Lyle alipata kipande. Marlys anatembea. Marlys amepiga magoti sakafuni, na goti lake lile bovu. Karatasi imeanguka. Mikono midogo miwili shingoni mwa mkewe, imeshika kwelikweli. Kisha mgongo wa mtu mnene uliziba kila kitu, na Lyle alisikia tu kicheko cha mkewe, kicheko alichokuwa hajakisikia kwa muda mrefu kiasi kwamba ilibidi afikiri kwanza ndipo akitambue.

Milango ilipofunguka tena, Tessa alikuwa amemwona. Aliinua mkono, akamwashiria, njoo, baba, njoo. Lyle alitikisa kichwa, akainua kiganja: bado. Akabaki palepale kati ya vitoroli, begi mkono huu, sanduku mkono ule, akingoja mkewe amalize.