Kinyonga Hanywi Bakulini

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini mama alijaza bakuli la kinyonga maji safi, na kila jioni alilikuta limepungua nusu. Hilo lilimtosha. Mnyama anayekunywa ni mnyama mzima. Kujua hivyo hakuhitaji shahada.

Kinyonga aliitwa Meneja. Jina alipewa na binti wa nyumba hiyo, mwenye miaka kumi na mitano, kwa sababu, alisema, anatembea polepole, anatazama pande mbili kwa wakati mmoja na hakuna kazi anayofanya. Wiki tano zilizopita, shule zilipofungwa, binti huyo alikusanya nguo zake akaenda kukaa kwa baba yake, upande wa pili wa mji. Hapakuwa na ugomvi wa kuita majirani. Alisimama mlangoni akasema, "Hapa naongea na ukuta, mama. Baba angalau anazima televisheni nikianza kusema." Meneja akabaki, maana mwenye nyumba wa huko hakutaka wanyama. Alibaki na tundu lake la wavu, mmea wake wa chungu, taa yake ya joto, na karatasi mbili za maelezo zilizoandikwa mbele na nyuma.

"Fuata karatasi tu," binti alisema. "Likizo ikiisha nitakuja, tutaona."

Tutaona. Mama aliling'ang'ania neno hilo kama mfa maji. Mtoto hakusema anarudi, lakini hakusema harudi, na maadamu kinyonga yuko sebuleni, mwenyewe atakanyaga sebule hiyo. Meneja alikuwa kamba iliyobaki kati yao. Mama alikusudia kuilinda.

Karatasi alizisoma. Ziliandikwa wazi: mpulizie majani ya mmea maji kwa dakika tano, asubuhi na jioni, mpaka yachuruzike. Siku tatu alipuliza. Siku ya nne aliona mbao za kabati chini ya tundu zimeanza kuvimba, maji yanatambaa kuelekea waya wa televisheni, na yeye saa moja na nusu anatakiwa awe ameshafungua duka. Akafikiri kidogo, si sana. Kupuliza majani ni kwa ajili ya majani. Basi mmea ataumwagilia shinani, na mnyama atapewa bakuli kama wanyama wote duniani. Watoto wakipewa jambo dogo hulifanyia sherehe. Akazikunja karatasi akazitia kwenye droo ya vijiko.

Wiki ya pili akaona kona ile ina giza. Dukani kwao, duka la rangi za nyumba, nyuma ya rafu za sampuli waliweka vioo ili mwanga uzae mwanga mwingine. Akatoa kioo cha chumbani kwake akakisimamisha nyuma ya tundu. Jioni hiyohiyo Meneja alivimba, akajibapa kama chapati, kijani chake kikawaka, michirizi ya manjano ikajitokeza ubavuni. Mama alikaa kitini akamtazama kwa raha. Miaka kumi na moja alikuwa mchanganyaji rangi. Mafundi walikuja na kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, naye akawapa kopo lenye rangi ileile bila kubahatisha. Rangi hafifu ni rangi iliyopungukiwa. Rangi iliyokolea ni nzima. Akampiga picha, akaituma.

Jibu lilikuja upesi. "Mbona amevimba? Na kioo cha nini?"

"Anapendeza," mama akaandika. "Acha wasiwasi, soma vitabu vyako."

Kesho yake aliionyesha picha dukani. Kijana wa mashine ya kutikisa makopo, ambaye wote walimwita Tetemeko, aliitazama akacheka.

"Mnafuga mwanasiasa ndani ya nyumba, mama? Subiri uchaguzi, atakuhama."

"Huyu hahami. Anakula bure na analindwa."

"Basi ni mwanasiasa kweli."

Wakacheka mpaka mteja akagonga kaunta. Ilikuwa wiki nzuri. Mama alituma picha kila jioni, na binti alijibu kila jioni, japo ni maswali matupu. Mbona ana madoa? Anashika tawi vizuri? Kinyesi chake kina rangi gani? Mama alijibu kwa maneno mawili matatu kama anavyojibu wateja wenye haraka: yuko sawa, usijali, ndivyo alivyo.

Wiki ya nne kijani kikafifia. Ikaja kahawia, kisha kahawia yenye mabaka meusi. Mama akasema moyoni kuwa anafuata rangi ya tawi, si ndiyo kazi ya kinyonga. Jumatatu ya wiki ya tano alimkuta amefumba macho mchana. Binti akaomba picha.

"Amelala," mama akaandika.

Alhamisi alirudi kutoka kazini akamkuta chini kabisa, juu ya karatasi ya kutandikia tundu, mweusi kama oili chafu. Macho yale ya kuzunguka yalikuwa yametumbukia ndani, kana kwamba mtu ameyabonyeza kwa kidole gumba. Bakuli lilikuwa pembeni yake, limepungua nusu.

Alimbeba kwenye boksi la viatu hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyenuka sabuni ya mbwa. Alimtoa Meneja kwa mikono miwili, akaifinya ngozi ya ubavuni kidogo, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama.

"Anakunywaje, mama?"

"Vizuri tu. Bakuli linapungua nusu kila siku."

Daktari hakuinua kichwa. "Taa yake ya joto iko mbali kiasi gani na bakuli?"

Mama akapima hewani kwa viganja. Shibiri mbili.

"Basi taa ndiyo inayokunywa."

Mama akashusha viganja.

"Kinyonga hanywi bakulini," daktari akasema, bila ukali. "Maji yaliyotulia hayamwambii kitu. Anatafuta tone linalotembea kwenye jani. Hilo ndilo analoramba. Anaweza kufa kwa kiu amekaa ukingoni mwa bakuli. Aliyekupa hakukueleza?"

"Aliniandikia."

"Mkojo wake ulikuwaje? Ule mgumu unaotoka na kinyesi, ulikuwa mweupe?"

"Wa rangi ya machungwa." Aliusema upesi, maana aliukumbuka vizuri, ni rangi ambayo angeweza kuichanganya akiwa amefumba macho. "Siku nyingi sasa."

"Hiyo ni rangi ya kiu," daktari akasema. Mama, kama mtu anayetafuta shahidi wa upande wake, akatoa simu akamwonyesha picha za wiki ya pili. "Lakini hapa alikuwa mzima. Tazama alivyokolea."

"Hapa ana hasira, mama. Dume likiwaka hivi na kujibapa, limemwona dume jingine. Lilikuwepo?"

"Hapana. Kulikuwa na kioo."

"Kwa siku ngapi?"

"Kipo hadi leo."

Daktari alimdunga maji chini ya ngozi kwa sindano nyembamba. Alisema figo huenda zimeshakwisha, kwamba hawezi kuahidi, kwamba ampulizie majani maji ya uvuguvugu taratibu, amwache kimya, amfunike upande mmoja asione watu. Mama alisikiliza kila neno. Aliomba yarudiwe, akayaandika nyuma ya risiti. Kusikiliza kumbe hakukuwa na ugumu wowote.

Ijumaa hakwenda kazini. Alikitoa kioo akakilaza uvunguni mwa kitanda. Alipuliza majani mpaka kiganja kikamshika ganzi, maji yakachuruzika, kabati likavimba, naye akaliacha livimbe. Saa sita mchana tone moja lilining'inia mbele ya mdomo wa Meneja. Akafungua mdomo. Ulimi ulitoka kidogo tu, kama wa mzee anayeonja chumvi, akaramba. Kisha la pili. Mama alihesabu hadi tisa, ameziba mdomo kwa mkono, akaanza kumwomba Mungu kwa sauti. La kumi lilidondoka likapita.

Jioni simu ikalia.

"Mama, kesho baba ananileta asubuhi." Sauti ya binti ilikuwa nyepesi, mama hajaisikia hivyo tangu mwaka jana. "Nimemwambia nakuja na vitu vyangu vyote. Nitakaa, ila tuongee. Tuongee kweli."

"Tutaongea, mwanangu."

"Meneja hajambo?"

Hapo ndipo pa kusema. Mama alijua. Alimtazama kinyonga, ambaye sasa hakuwa hata mweusi, alikuwa anapauka vipande vipande.

"Yupo," akasema.

Alikufa kabla ya saa mbili asubuhi, vidole vimeshika tawi. Mama alijaribu kumbandua akashindwa bila kumvunja, akamwacha hapo.

Gari lilisimama nje. Binti aliingia mbio, viatu mguuni, akaenda moja kwa moja kwenye tundu. Hakupiga kelele. Alipitisha kidole mgongoni mwa Meneja, akatazama macho yale, akatazama bakuli ambalo mama hakukumbuka kuliondoa. Alielewa yote kwa muda wa kunywa funda moja la maji.

"Alianza lini kufumba macho mchana?"

"Jumatatu."

"Jumatatu nilikuomba picha."

"Najua." Mama alishika ukingo wa kabati. "Nilikosea. Nilidhani najua. Kaa, mwanangu. Niambie yote uliyotaka kuniambia, ya Meneja na yasiyo ya Meneja. Sitakukata maneno. Nakusikiliza."

Na kweli alikuwa anasikiliza. Alisimama kimya, mwili mzima umegeuka sikio. Alisikia baba mtu akifungua buti la gari nje, akasikia mzigo wa kwanza ukiwekwa chini.

Binti alimtazama, si kwa chuki. Alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia, na asipaone.

"Sina ya kusema, mama," akasema. "Yalikuwepo."

Akalikata tawi kwa mkasi wa jikoni, huku na huku, akambeba Meneja nalo. Alipita mlangoni akisogeza bega ili wasigusane. Kutoka nje mama alimsikia akisema polepole, "Baba, rudisha tu mzigo," na yule hakuuliza kwa nini. Buti likafungwa. Mama alibaki ameelekeza uso mlangoni, bado anasikiliza, hata gari lilipokwisha kupinda na mtaa ukarudi kwenye kelele zake za kila siku.