Nafasi Mbele ya Macho ya Shosho

Mwalimu Jemutai hakuwa na imani na mtihani wa karatasi. Mwanafunzi angeweza kukariri maana ya picha pana na picha ya karibu bila kujua kwa nini kamera isimame hapa na si pale. Kwa hiyo kila mwisho wa muhula alitoka chuoni Nakuru, akawafuata wanafunzi wake wa video walikokuwa wakirekodi, akawauliza maswali papo hapo.

Cate, mmoja wao, alikutwa na mwalimu nyumbani kwao Longonot, asubuhi, akimrekodi nyanya yake, shosho, anayechambua maharagwe. Majirani walimwita nyanya huyo Mama Jamleck, kwa jina la kifungua mimba wake aliyefariki angali mdogo na kuzikwa kwenye shamba lao la zamani, ng'ambo ya mlima. Baadaye familia ilifukuzwa huko. Jamleck alibaki.

Cate alikuwa amemweka shosho kulia mwa fremu, uso ukielekea kushoto, na mbele ya macho yake ameacha nafasi kubwa.

"Mbona nafasi yote hiyo?" mwalimu aliuliza.

"Kuna kitu anaangalia, mwalimu. Nikikata hapo, mtu hatajua."

"Mimi naona mlima tu."

Cate alitazama tena kwenye kamera, akakubali kwamba mwalimu alisema kweli. Akauomba mlima usogee kidogo.

Mlima Longonot ukasogea polepole, kama mtu mnene anayempisha mwenzake kwenye benchi la kanisa. Mbuzi waliokuwa mteremkoni waliendelea kula. Vumbi lilipotulia, shamba la zamani lilionekana wazi: ua wa waya, vibanda vya plastiki vya kukuzia maua, na katikati yake mti mmoja, kando yake kaburi dogo lililopangiwa mapipa ya dawa ya wadudu juu.

Shosho aliacha maharagwe. Cate alivuta picha taratibu hadi uso wa shosho ukajaa fremu, akatulia hapo. Mwalimu Jemutai alifunga daftari lake la maswali.

"Ni pale," shosho alisema. "Nilikuwa nimeanza kusahau ni upande gani wa ule mti. Asante, Cate." Kisha akaugeukia mlima, akaushukuru pia.

Kabla ya saa sita, meneja wa shamba alifika kwa gari. Shosho alimwomba ruhusa ya kuingia ayaondoe mapipa. Meneja alijibu kwa upole kwamba kaburi ameliona na halikani, ila shamba lina mwenyewe, na dawa zile si salama kwa wageni. Akaomba pia kwamba siku nyingine mlima usisogezwe kabla hajaarifiwa.

Mwalimu alimpa Cate alama zote za mpangilio wa picha. Za sauti alimpunguzia, kwa sababu upepo ulisikika.

Mlima haujarudi ulikokuwa, na mapipa hayajaondolewa. Lakini siku hizi shosho akimaliza kazi hukaa uani, akamwita mwanawe kwa jina na kumpa habari za nyumbani: nani ameolewa, ng'ombe yupi amezaa, na kwamba Cate amepita mtihani.

"Tumshukuru Mungu," humwambia. "Angalau sasa tunaonana."