Njano ya Bonde

Mtafiti wa mafuriko alikuwa ameshajipongeza. Mvua baada ya mvua alikuwa amepima maji yanakotuama mjini, akachora ramani, akaituma ofisi ya mipango miji na kujiambia kwamba kazi sasa ni kwao. Siku ya kikao cha baraza alikuja amependeza, kama mtu anayekwenda kushukuriwa.

Na akashukuriwa kweli. Mkuu wa mipango miji, mume wa dada yake, alisimama akiwa na bashasha. "Tunamshukuru shemeji yangu na chuo chake. Wametuonyesha pa kujenga nyumba mpya. Tunaanza na bonde."

Mtafiti alishtuka. Bonde ndilo linalomeza maji yote ya mvua. Likijengwa, maji yatawashukia walio chini, na huko chini ndiko anakokaa mama yake, mbishi asiyetaka kusikia habari za kuhama kila mwanawe akimsihi, kwa hofu kwamba bonde litajengwa siku moja.

Aliitazama ramani ukutani, akaelewa. Penye hatari alikuwa amepapaka njano, kama ilivyo desturi ya chuoni kwao. Ofisini kwa shemeji yake, njano ni makazi. Maelezo ya rangi aliyaweka nyuma kabisa ya ripoti, ambako hakuna mwenye akili timamu ambaye angefika. Wao wawili hula pamoja karibu kila Jumapili, na hawajawahi kuulizana habari za kazi.

Madiwani walikuwa wanaanza kunyoosha mikono kupitisha mpango. Na yeye akanyoosha wake.

"Samahani, mwenyekiti. Hapo penye njano ndipo panapozama."

Mikono ikashuka. "Wasomi hawa watatuua," diwani mmoja akanong'ona.

Mtafiti aliogopa hata kumtazama shemeji yake. Kumuumbua shemeji mbele za watu si mchezo. Lakini yule bwana alijikuna kisogo, akasema taratibu, "Mwenyekiti, ningempigia simu tu ningejua. Naomba bonde liondolewe. Ramani nyingine tutaichora naye, meza moja."

Bonde likaondolewa. Mikono yote ilikuwa juu, hata ya yule diwani.

Nje, mtafiti aliketi kwenye ngazi. Alishusha pumzi, akacheka peke yake huku machozi yakimtoka, kisha akampigia mama yake.

"Mama, sitakusumbua tena. Huna haja ya kuhama."

"Kwani," mama akauliza, "nani alikuwa anahama?"