Bango la Magunia ya Lumbesa

Sheria ya kipimo inajulikana bonde zima la Kilombero: gunia la mpunga hushonwa usawa wa mdomo wake, na kinachoongezwa juu ya mdomo ni wizi. Nyongeza hiyo, ile nundu inayofungwa kwa kamba na kuitwa lumbesa, mnunuzi huichukua bila kuilipia, na akikamatwa hutozwa faini. Sheria imebandikwa mlangoni pa kila ofisi ya kijiji, imesomwa mikutanoni, imetajwa hata kanisani baada ya matangazo ya ndoa. Kwa kuwa ilikuwa imefahamika vizuri namna hiyo, hakuna aliyeona haja ya kuifuata.

Evarist alikulia Idete katikati ya magunia ya aina hiyo. Shangazi yake Restituta, aliyemlea, aliuza mpunga wa misimu miwili, nundu juu ya kila gunia, akamnunulia kamera.

"Hili ndilo jembe lako," alimwambia. "Ukilipoteza, lile la chuma lipo nyuma ya jiko."

Kwa muda kijana huyo aliishi mjini Ifakara kwa kamera yake kama watu wengine wanavyoishi kwa kazi zao: picha za pasipoti, ubatizo, kipaimara na harusi. Kisha akapatwa na elimu. Bwana mmoja wa Dar es Salaam, aliyetajirika kwa kuwafundisha wenzake kutajirika, aliendesha darasa la simuni kuhusu namna msanii anavyoweza kuwavuta wateja wanaolipa vizuri. Hapo Evarist alijifunza kwamba mteja mdogo ni mzigo. Kwamba simu isipokelewe inapoita mara ya kwanza, mteja asije akadhani mtu ana nafasi. Na kwamba msanii wa kweli hauzi kazi, anauza matokeo. Akafuta maneno "Evarist Picha" mlangoni, akaandika "Evarist Vision". Akanunua kiti kinachozunguka, akakikalia, akazunguka.

Wa kwanza kunufaika na elimu hiyo alikuwa Digna wa kwaya, aliyemleta mwanawe wa komunyo ya kwanza.

"Mama, siku hizi siuzi picha," Evarist alimweleza. "Nauza matokeo."

"Matokeo ya darasa la saba?"

"Ya biashara, mama. Bajeti yako ikoje?"

"Bajeti yangu imevaa nguo nyeupe, inasubiri nje kwenye vumbi." Digna alikitazama kiti, kisha akamtazama mwenye kiti. "Haya baba, endelea kuzunguka. Tutampiga picha kwa simu."

Evarist aliendelea. Msimu wote wa kupanda hakuingia mteja mkubwa, na wadogo walikuwa wamekwisha kusikia habari. Shangazi alimtumia mchele kutoka Idete ili msanii asife njaa, naye aliupokea bila kumuuliza shangazi bajeti yake.

Hatimaye simu ikaita. Alikuwa Bwana Nickolaus, mnunuzi wa mpunga na mwenye mashine ya kukoboa, aliyetaka bango kubwa la biashara yake pale Kibaoni. Evarist akaiacha simu iite hadi ikakatika. Bwana Nickolaus, akidhani ni ubovu wa mtandao, akapiga tena, na darasa likapata ushahidi wake.

Wakakutana ghalani, mbele ya wapagazi.

"Nasikia wewe ndiye ghali kuliko wote," alisema Bwana Nickolaus.

"Ndiyo, mzee. Siuzi picha, nauza matokeo. Matokeo yakiwa mabaya, nabeba mimi."

Hayo ya mwisho hayakuwamo darasani. Aliyaongeza mwenyewe kwa furaha.

"Utayabebea nini?"

"Hii hapa," akajibu Evarist, akaipiga kofi kamera yake. Wapagazi wakacheka, na mmoja akasema neno hilo wamelisikia.

Bwana Nickolaus, mtu mwangalifu, alikuwa amepanga magunia yaliyoshonwa kisheria, yakiwa bapa kabisa. Evarist akayazunguka akitikisa kichwa. Tangu utoto wake hakuwahi kuona gunia la namna hiyo likiuzwa, na machoni pake yalikuwa nusu tupu.

"Mzee, haya yana njaa."

"Ni ya picha, kijana. Kipimo chake ni halali."

"Mteja mkubwa anataka kuona shibe. Yavishe nundu."

Bwana Nickolaus akajikuna shingo. Naye pia, kusema kweli, aliyaona yana njaa. Akawaita wapagazi.

Bango lilikuwa zuri, hilo halikanushiki. Bwana Nickolaus amesimama, amekunja mikono. Nyuma yake magunia yenye nundu kama kundi la ng'ombe walionona, kila kamba ikionekana dhahiri. Chini yake maandishi: KWA NICKOLAUS TUNAJAZA.

Matokeo hayakuchelewa. Watu wa vipimo, ambao kwa miaka mingi walifika Ifakara wasione lumbesa hata moja kwa sababu habari zao zilitangulia basi lao, safari hii walihitaji tu kuinua macho. Wakalipiga picha bango, wakaenda ghalani, wakaandika faini. Habari zikateremka bondeni hadi Mofu na Mngeta, na kila mnunuzi akafungua kamba zake kwa haraka. Wakulima wakauza magunia bapa, Digna akiwa mmoja wao. Jambo lililoishinda mikutano yote Evarist alilikamilisha kwa bango moja, tena kwa faida ya watu wasio na bajeti. Hakuna aliyekuja kumshukuru, na kwa haki, alikwisha kuwaambia kwamba hao si wateja wake.

Aliyekuja ni Bwana Nickolaus, na alikwenda moja kwa moja Idete kwa mlezi wa kijana, kama inavyopasa. Alimkuta Restituta akipepeta mchele, na Evarist, aliyefuata mchele wake, kando yake, kamera shingoni.

"Mama Restituta, nimelipa faini. Mwanao alisema matokeo yakiwa mabaya anayabeba yeye, kwa kamera. Wapagazi wangu walisikia."

Ungo haukusimama. "Ulisema hivyo, Evarist?"

"Nilisema, shangazi. Lakini lumbesa ni yake. Mimi nilipiga picha tu."

"Nilisikia huuzi picha."

Restituta akauweka ungo chini.

"Bwana Nickolaus, mpunga ulioinunua hiyo kamera niliuuza kwako. Nundu zake unazikumbuka?"

"Hayo ni ya zamani, mama."

"Ya zamani. Aliyeahidi ni huyu, na atatimiza, ichukue. Lakini kuanzia leo gunia la nyumba hii linashonwa usawa wa mdomo, hata watu wa vipimo wakisharudi kwao."

Bwana Nickolaus alitazama barabara, kana kwamba wangetokea huko, akakubali.

Evarist akaivua kamera shingoni, akaifuta lenzi kwa ncha ya shati, akaikabidhi kwa mikono miwili. Bwana Nickolaus akaigeuzageuza, akauliza inabonyezwa wapi.

Evarist akamwonyesha, bure.