Vipindi Thelathini vya Mama Asubuhi

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na hilo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakuna aliyemlazimisha.

Binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, mimba ya matatizo, na daktari alimwamuru asiondoke kitandani mpaka ajifungue. Mkwe alikuwa kazini mbali. Nani wa kumtazama kama si mama? Na mama huyo alikuwa mtangazaji wa redio. Kwa miaka ishirini na sita, kila siku ya kazi saa tatu asubuhi, aliwaeleza wasikilizaji namna ya kutunza nyumba: kuondoa madoa, kuzuia mchwa, kumkomesha mume anayeacha taulo bichi kitandani. Watu walishasahau jina lake. Walimwita Mama Asubuhi.

Meneja alimpa likizo ya wiki sita. Angeweza kuondoka akaacha pengo, wakaliziba kwa muziki. Lakini hakuwa mwanamke wa kuacha pengo. Alijifungia studio siku nane na fundi mitambo waliyezeeka pamoja, akarekodi vipindi thelathini.

"Dada, utaniua," fundi alilalamika siku ya tano. "Hata punda hupumzishwa."

"Punda hana binti mjamzito. Washa."

Na alivirekodi kwa ustadi. Hakutaja tarehe, wala mvua, wala shule kufungwa. Ndivyo alivyowafundisha watangazaji wachanga miaka yote: kipindi kisicho na tarehe hakichachi.

Mjukuu alizaliwa salama, wa kike, mwenye mapafu ya bibi yake. Likizo ilipokwisha, bibi akarudi kazini Jumatatu saa moja kamili. Meza yake studio haikuwepo. Chumba kilikuwa kimegeuzwa cha kupigia video, kina taa ya duara na zulia la rangi ya waridi. Fundi naye hakuwepo. Aliachishwa wiki iliyotangulia.

Meneja alimkaribisha vizuri mno. Mtu akikukaribisha vizuri hivyo ofisini, shika mkoba wako.

"Hongera kwa mjukuu, mama. Na asante kwa vile vipindi, ni dhahabu. Leo tumeanza kuvirudia. Mtandaoni tunavikata vipande vipande, vijana wanavipenda sana."

"Virudieni mpendavyo. Mimi naanza vipya."

Meneja akatazama kalamu yake. "Uongozi umeona kwamba kwa sasa tunavyo vya kutosha."

"Vya kutosha mpaka lini?"

"Havina tarehe, mama."

Akataka vifutwe. Meneja akamfungulia mkataba, ukurasa wa nne: kila kinachorekodiwa ni mali ya kituo. Sahihi ilikuwa yake, imenyooka, haina hata mtetemo.

"Wasikilizaji watauliza," alisema.

"Wiki sita, mama, hakuna hata mmoja aliyepiga simu." Na ubaya ni kwamba hakuwa anamkejeli.

Kumbe alijipalia makaa. Mtangazaji wa michezo alipoachishwa mwaka uliopita, mji mzima ulinuna. Watu walipiga simu, wakatukana, wakatishia kuhamia redio nyingine. Kwa ajili yake angenuna nani? Kila saa tatu alikuwa hewani, mchangamfu, hana hata mafua.

Ijumaa akaenda sokoni. Muuza nyanya wake wa miaka mingi akamwinulia mikono.

"Mama Asubuhi! Leo umeniweza na ile ya kutoa harufu kwenye ndoo!"

"Ile ni rekodi, shoga. Wameniachisha kazi."

Muuza nyanya alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwita jirani yake wa vitunguu. "Njoo umsikie huyu! Eti kaachishwa! Na asubuhi nilikuwa naye hapa hapa, kwenye simu yangu!"

"Nakwambia kweli. Nilivirekodi kabla mjukuu wangu hajazaliwa."

"Haya, na mimi nimeacha kuuza nyanya."

"Aliyeachishwa tunamjua," muuza vitunguu akaamua. "Hasikiki."

Barua ya kuachishwa, aliyopewa na meneja Jumatatu ile, ilikuwa mkobani, lakini angewasomea ili iweje? Wangeisikia kwa sauti ile ile waliyoisikia asubuhi, wacheke tena.

"Sasa tuambie," muuza nyanya alisema huku akimpimia. "Jumatatu unatuletea nini?"

Alijua. Alivijua vyote thelathini kwa mpangilio wake, kama mtu anavyowajua watoto wake kwa kuzaliwa.

"Madoa ya chai," akasema.

"Si ulishatufundisha hayo?"

"Nilishawafundisha."

"Rudia tu, mama. Sisi husahau."