Aliyebaki Nje ya Lango

Mama mkwe alinibandika jina la Pilipili wiki ile ile niliyoolewa, kwa sababu ya mdomo wangu huu. Nilinuna wee, mpaka nikazoea. Halafu akaanza kusahau. Ikawa ananiita "dada", kama mtu aliyekutana naye dukani. Nampikia, namwogesha, naye ananishukuru kwa adabu! Adabu ya nini kwangu? Iliniuma kuliko matusi.

Nilichoka, nasema wazi. Nilimwomba wifi yangu amchukue akae kwake, akakubali kuja kesho yake. Ndiyo maana siku ile nilifunika cherehani nikampeleka mama kwenye mji wa kale, ule uliokuwa kwenye kalenda ya jikoni kwetu miaka nenda rudi. Moyoni nilitaka kitu kimoja tu: aniite Pilipili kabla hajaondoka.

Tulifika ukungu haujaondoka. Daraja la mawe lilionekana nusu, na watu waliotutangulia walipotelea humo mmoja mmoja, kimya, kana kwamba wanaingia usingizini. Mama alipitisha kiganja ukutani. "Mawe yanatoka jasho," alisema, akacheka. Tukapita ukumbi wa wafumaji wa enzi hizo, tukachungulia kisima chenye kipande cha mbingu chini kabisa. Hata hasira zangu zililala. Ila kila nilipomuuliza, "Mama, mimi nani?" alinijibu kwa upole, "Wewe ni dada mwenye moyo mzuri." Ah!

Mwanamke aliyetutembeza alituambia kwamba zamani lango kuu lilifungwa jua likizama, na aliyechelewa alilala nje. Wageni wengine walicheka. Mama hakucheka.

Jioni tulirudi langoni. Mwanga ulikuwa rangi ya asali, na mlinzi alishaanza kusukuma ule mlango mzito wa mbao, akituhimiza tutoke. Mama akajitia katikati.

"Usifunge! Mkwe wangu yuko nje bado."

"Mama, si mimi huyu hapa?"

"Sikusemi wewe, dada. Wangu ana mdomo, angekuwa amefika ungemsikia."

"Mama, muda umeisha," mlinzi alisema.

"Basi nifungie nje pamoja naye. Simwachi mtoto wangu na baridi."

Mtoto wangu! Nikapenya pembeni ya mlango, nikatembea mpaka katikati ya daraja, nikajifuta machozi. Kisha nikageuka, nikarudi huku nikipayuka kama kawaida yangu: "Mama! Nani kakwambia usimame kwenye baridi bila mtandio?"

Akaninyooshea mikono. "Pilipili! Muda wote huo ulikuwa wapi, unahesabu mawe?"

"Nisamehe, mama."

"Usinichoshe. Twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwako! Kwa nani tena?"

Ndani ya basi alinilalia begani. Nikampigia wifi, nikamwambia asije.

"Kwani amekukumbuka?" aliuliza.

Nilimtazama mama alivyolala, mdomo wazi. Huenda akiamka nitakuwa dada tena.

"Amenisubiri," nilimjibu.