Mtaalamu wa Ulaya wa Msalato

Uwesu alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi pale Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Wateja wakipungua mchana, alifungua ukurasa wake wa mtandaoni uitwao Ulaya kwa Begi Moja na kuwafundisha watu elfu kumi na moja jinsi ya kuzunguka Ulaya kwa gharama ndogo. Lala hosteli, kwenye vitanda vya deka, na kufuli ubebe lako. Maji kunywa ya bomba. Mkate nunua jioni, dukani wanapoushusha bei. Tiketi ya basi ikate wiki tatu kabla.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wowote. Aliomba viza mara mbili, akanyimwa mara mbili, na barua zote zilisema jambo lilelile: hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba mwombaji atarejea nchini kwake. Uwesu alizisoma akashangaa. Alipokwenda Dar es Salaam kupeleka maombi, aligeuza siku hiyohiyo kwa basi, kwa sababu hapati usingizi katika nyumba asiyoizoea.

Hakuwahi kuandika kwamba amekwenda. Ila hakuwahi kuandika kwamba hajakwenda.

Mwezi wa sita wanafunzi wa chuo kimoja mjini walimwalika atoe mada. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Alizungumza saa nzima bila karatasi, akataja vituo vya treni kama mtu anayetaja mitaa ya kwao. Ukafika muda wa maswali. Mwanamke wa safu ya tatu akasimama.

"Naitwa Debora, ni muuguzi wa zahanati huko Hombolo," alisema. "Mwezi wa nne nilikwenda Ujerumani kwa mafunzo, nikaongeza siku kumi za kuzunguka na begi mgongoni, kwa kufuata maelekezo yako. Kaka Uwesu, wewe begi lilikuwa linakuuma wapi?"

"Bega," Uwesu alijibu haraka. "La kushoto."

"Mimi lilinichubua kiunoni. Mkanda wake unafungwa kiunoni, uzito wote unakaa hapo." Hakuonekana kama mtu anayetega. Alionekana kutaka kujua kweli. "Wewe ulikuwa hufungi mkanda?"

Uwesu akatazama kipaza sauti. Alijiona amefika mwisho wa kamba.

"Dada Debora, sijawahi kwenda," alisema. "Ulaya yote naisoma dukani kwangu."

Ukumbi ulicheka. Alisubiri wazomee, au watoke. Kijana mmoja aliyeitwa Joel akanyoosha mkono.

"Sawa kaka, tumekuelewa. Sasa vyoo vya stesheni, ni vya kulipia au vya bure?"

"Vingi vya kulipia," Uwesu alisema, akishangaa sauti yake imerudi. "Ingia kwenye makumbusho siku ya bure, tumia cha humo."

Watu wakaandika. Mshereheshaji, akitaka kutenda haki, akampa Debora kipaza sauti naye aongeze.

"Inategemea," Debora alisema. "Mji mmoja ulikuwa hivyo, mwingine sivyo. Siku ya nne nilijisikia mpweke nikalia kwenye bustani. Mkate ule wa jioni mgumu."

Walimpigia makofi ya heshima, matatu hivi, kisha mikono yote ikanyooshwa tena kumwelekea Uwesu. Hakuna aliyemuuliza Debora swali lingine. Aliyefika huko alikuwa na majibu ya nusunusu. Asiyefika alikuwa nayo yote.

Baadaye walikaa wawili kwenye mgahawa nje ya geti, chai na maandazi mezani.

"Nimekuaibisha," alisema Debora. "Sikukusudia."

"Umeniongezea wafuasi. Mia mbili tangu nishuke jukwaani." Uwesu alimwonyesha simu, uso umekunjamana. "Niambie ukweli. Ni lipi lilikufaa?"

Debora alifikiri. "Bei zote zilikuwa zimepitwa na wakati. Basi ulilosema ni la bei rahisi limefutwa. Lililonifaa ni lile la kumsalimia jirani kwenye treni kabla ya kukaa na kumwambia unashuka wapi. Nilimsalimia bibi mmoja, akashtuka kama nimemwibia. Nikamwambia nashuka mji wa Praha. Nikalala. Tulipofika alinitikisa bega, akanishushia na begi."

Uwesu alirudisha andazi sahanini. Hilo hakulisoma popote. Alilitoa kwa mjomba wake, siku waliposafiri kwa treni kwenda Gulwe, yeye akiwa na miaka tisa.

"Na mimi nina langu la kutubu," Debora aliendelea. "Hosteli walipojua natoka Dodoma, wakaniuliza kuhusu ile michoro ya kale ya miambani, Kolo. Wenzetu wanaijua! Nikawaeleza robo saa, rangi na kila kitu. Sijawahi kufika Kolo."

"Mimi ndiko kwetu," Uwesu alisema. "Nimechunga mbuzi chini ya miamba hiyo."

Jumamosi iliyofuata wakapanda gari la Kondoa. Walipanda kilima, Debora akasimama mbele ya watu wembamba wekundu waliochorwa jiweni, akakiri kwamba kule hosteli alikuwa amewapaka rangi ya bluu. Halafu Uwesu akampeleka kwao kula.

"Shikamoo, mama," Debora alimsalimia Bi Rukia, mama yake Uwesu.

"Marahaba, mwanangu. Uwesu kanipigia simu, kasema umetoka Ulaya majuzi." Bi Rukia aliweka sinia la ugali na kuku mkekani, akamtazama kwa furaha. "Enhe, mlikutana hukohuko?"

Uwesu alipaliwa. "Mama! Nani kakuambia mimi nilikwenda?"

"Batuli wa jirani anakusoma kwenye simu kila siku. Unadhani Kolo hatuna mtandao? Kijiji kizima nimeshakitangazia." Akamgeukia mgeni. "Mlikutana?"

Debora alimtazama Uwesu, akautazama uso wa yule mama.

"Hatukubahatika, mama," alisema. "Ulaya kubwa ile."

"Basi mkienda tena mtafutane," alisema Bi Rukia, akamsogezea paja la kuku. Uwesu akainuka kwenda kunawa mikono, ingawa alikuwa ameshanawa.